Leo Baekeland: mtoto wa fundi viatu na plastiki yenye kuvumilia vishindo

Mbele ya mwaka 1900, ziwa Tanganyika lilikuwa njia kubwa ya pembe za tembo. Pembe zilitoka Maniema na sehemu zingine za mashariki ya Congo, zikabebwa mabegani na watu, wengi wao watumwa, zikavuka ziwa mpaka Ujiji. Kutoka pale zilipita Tabora, zikafika Bagamoyo na Unguja, kiisha zikapanda meli. Majina ya Tippu Tip na Rumaliza yamebaki katika historia ya pande hizi kwa sababu ya biashara ile. Vijiji vilichomwa, watu walikamatwa, familia zilihama.

Lakini pembe zote zile zilienda kufanya kazi gani? Ulaya na Marekani zilikuwa zinatengeneza nazo vitana, mipini ya visu, vibao vya kinanda na tufe za mchezo wa biliadi. Tufe ya biliadi ni kitu kidogo, lakini inapigwa siku nzima. Inapogongana na ingine, zinagusana kwa muda usiofika nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde. Katika muda mfupi hivyo, kitu kigumu chenye hakina uvumilivu kinapasuka. Pembe ya tembo ilikuwa inavumilia. Ndiyo maana ilitafutwa mpaka huku ziwani.

Mtu mwenye alisaidia sana kupata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe katika kazi hiyo alikuwa Mbelgiji, mtoto wa fundi viatu. Jina lake Leo Hendrik Baekeland. Wengi huku Fizi na Baraka hawajasikia jina hilo, lakini kazi yake wanaishika kila siku: kwenye mpini mweusi wa sufuria, ndani ya breki za pikipiki, na kwenye disiki ya kukatia chuma.

Ghent, 1863

Baekeland alizaliwa tarehe 14 Novemba 1863 katika mji wa Ghent, Ubelgiji. Mwaka ule ule, kampuni moja ya biliadi ya Marekani, Phelan na Collender, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa mtu mwenye angepata kitu cha kutengenezea tufe bila pembe. Bei ya pembe ilikuwa inapanda, na watengenezaji waliogopa kwamba siku moja zitakosekana.

Baba yake alikuwa anatengeneza viatu, na kwa mawazo yake mtoto angefuata kazi ile ile. Mama yake, Rosalia, alikuwa mfanyakazi katika nyumba za watu. Yeye ndiye alisukuma mtoto asome. Mabishano ya namna hiyo yanajulikana katika nyumba nyingi za Fizi: mzazi mmoja anahitaji mikono ya kazi leo, mwingine anaangalia mbali.

Kijana alikuwa na akili ya pekee. Alipenda sana kupiga picha, na kazi ya picha siku zile ilihitaji madini ya fedha. Makuta ya kununua dawa hiyo hakuwa nayo. Akachukua mnyororo wa fedha wa saa yenye baba yake alimpa, akauyeyusha kwa asidi, akatengeneza dawa yake mwenyewe.

Mji wa Ghent ulimpa msaada wa masomo. Aliingia chuo kikuu mwaka 1880, akiwa bado hajafika miaka 17, na mwaka 1884 akawa daktari wa kemia kwa alama za juu kabisa. Alikuwa na miaka 20 tu.

Mwaka uliofuata, 1885, mfalme Leopold wa Pili alijitangaza kuwa mwenye Congo. Kuanzia hapo pembe na mpira wa msituni vilianza kuelekea bandari ya Antwerp, si mbali na Ghent. Maisha ya Baekeland yalichukua njia ingine. Mwaka 1889 alimuoa Céline Swarts, binti wa profesa wake, na wote wawili wakasafiri kwenda Marekani. Safari ilikuwa ya masomo, lakini profesa mmoja wa New York, Charles Chandler, akamshauri abaki. Akabaki.

Deni, ugonjwa, kiisha utajiri

Marekani haikumpokea kwa mikono miwili. Alifanya kazi miaka miwili katika kampuni ya vifaa vya picha, kiisha akaanza kujitegemea. Alishika mambo mengi kwa mara moja, na hakuna lenye lilifika mwisho. Makuta yakaisha, deni likapanda, akaanguka mgonjwa sana. Katika kitanda kile aliamua jambo moja: atashika kazi moja tu, yenye inaweza kuleta matokeo kwa haraka.

Kazi ile ilikuwa karatasi ya picha. Zamani, ili picha itoke kwenye karatasi, ilihitaji mwanga wa jua. Baekeland alitengeneza karatasi yenye ilikubali mwanga wa taa, akaiita Velox. Mwaka 1893, pamoja na mshirika wake Leonard Jacobi, walianzisha kampuni ya kuitengeneza. Mwanzo ulikuwa mgumu, kwa sababu wapiga picha walikuwa wamezoea jua. Pole pole wakaizoea. Mwaka 1899, George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, akainunua biashara nzima. Bei yenye inatajwa sana ni dola 750,000. Siku zile ilikuwa mali ya kutisha.

Baekeland alikuwa na miaka 35. Alinunua nyumba kubwa Yonkers, karibu na mto Hudson, akageuza jengo moja la uwanja wake kuwa maabara. Katika miaka ile ya shida, binti yao wa kwanza, Jenny, alikuwa amefariki akiwa bado mdogo. Wakabaki na watoto wawili, George na Nina.

Kitu chenye wengine walikitupa

Umeme ulikuwa unaanza kuingia katika miji. Nyaya zilihitaji kitu cha kuzuia umeme usitoke nje. Watu walitumia shelaki, gundi yenye inatokana na wadudu wadogo wa India na nchi za jirani zake. Wadudu wengi sana walihitajika ili kupata kilo moja tu. Baekeland aliona kwamba mtu mwenye atatengeneza shelaki bila wadudu atapata soko kubwa.

Njia moja ilikuwa inajulikana. Mwaka 1872, mwanakemia Mjerumani Adolf von Baeyer alichanganya fenoli na fomaldehidi. Alipata kitu kigumu chenye kilikwama ndani ya chupa na hakikuyeyuka kwa dawa yoyote. Aliona ni uchafu, akaendelea na kazi zingine. Wengine walijaribu pia. Shida yao ilikuwa moja: mchanganyiko ulichemka kwa nguvu, ukatoa mapovu, na ulipokauka ulikuwa na matundu kama mkate.

Wengi walijaribu kupunguza moto ili mapovu yasitoke. Baekeland, pamoja na msaidizi wake Nathaniel Thurlow, alikuwa ameanza kwa kutafuta gundi ya kulowesha mbao ziwe ngumu zaidi. Mwaka 1907 akaenda kinyume cha wenzake: aliongeza moto, lakini ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye mkandamizo mkubwa. Mkandamizo ulizuia mapovu. Kilichotoka ndani kilikuwa kigumu, chenye kung'aa, hakiungui kwa urahisi, hakipitishi umeme, na hakiyeyuki tena hata ukikirudisha kwenye moto. Akakiita Bakelite, kutoka kwa jina lake. Ilikuwa plastiki ya kwanza yenye haikutoka kwa mmea wala mnyama.

Aliomba hati ya ugunduzi tarehe 13 Julai 1907, akaipata mwezi wa Desemba 1909. Mwezi wa Februari mwaka ule aliwaeleza wanakemia wenzake wa New York. Mwaka 1910 kampuni ya General Bakelite ilianza, na mwaka ule ule kiwanda kikafunguliwa karibu na Berlin, Ujerumani. Chombo chake cha kupikia kinahifadhiwa mpaka leo na jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani.

Siri ilikuwa ndani ya unga

Habari nyingi za Baekeland zinaishia hapo, kwenye moto na mkandamizo. Lakini Bakelite tupu ilikuwa na udhaifu mkubwa. Ilikuwa ngumu, ndiyo, lakini ukiiangusha kwenye saruji inapasuka sawa na kioo. Ugumu ni jambo moja, kuvumilia pigo ni jambo lingine.

Dawa yake ilikuwa unga wa mbao. Gundi ya Baekeland ilichanganywa na unga mkavu wa mbao, kiisha ikakandamizwa ndani ya kalibu yenye moto. Wafinyanzi wanaijua akili hiyo: udongo mtupu unapasuka kwenye moto, kwa hiyo wanaongeza mchanga au vigae vilivyosagwa. Fundi wa nyumba naye anajua kwamba saruji bila mchanga na kokoto inafanya nyufa.

Inafanya kazi namna gani? Ndani ya beseni ya plastiki ya kawaida, nyuzi ndogo ndogo zenye zinaijenga zinaweza kuteleza. Ndiyo maana beseni inapinda, na ikiwekwa karibu na moto inalegea. Ndani ya Bakelite nyuzi zimefungwa kila upande, sawa na wavu wenye mafundo yote yamekazwa. Hakuna kuteleza. Ukiisukuma pole pole inakaa imara. Lakini pigo la ghafla haliipi muda wa kupinda hata kidogo, na ufa ukianza unakimbia moja kwa moja mpaka upande wa pili.

Unga unaukatia njia ufa ule. Ufa ukifika kwenye chembe ya mbao, unalazimika kuizunguka, au kuing'oa kutoka ndani ya gundi, au kuipasua. Kila kazi ya namna hiyo inakula nguvu ya pigo. Chembe moja haifanyi kitu, lakini chembe maelfu zinaweza kumaliza nguvu yote mbele ya ufa kufika mwisho.

Kipimo ni lazima. Unga ukiwa kidogo, kitu kinabaki kama kioo. Ukizidi, gundi haitoshi kuzifunika chembe zote, nafasi za hewa zinabaki, na ufa unapata njia ya bure. Unga ukiwa na maji, mvuke unatoboa matundu ndani. Na kila unga una kazi yake. Wa mbao unasaidia kwa vishindo. Wa madini unasaidia kwa moto. Kwa vitu vya kupigwa sana, viwanda viliweka vipande vya kitambaa cha pamba, kwa sababu nyuzi ndefu zinashika pande mbili za ufa zisiachane.

Kasi nayo inabadilisha kila kitu. Kitu kile kile chenye kinavumilia uzito wa mtu kinaweza kupasuka kwa nyundo ndogo yenye inakuja haraka. Mwaka 1914, Mwingereza Bertram Hopkinson alionyesha namna ya kupima pigo la haraka kwa kutumia fimbo ndefu ya chuma. Vifaa vyenye vimetokana na fimbo ile vinatumika mpaka leo katika maabara, kupima namna plastiki zenye unga ndani zinavyovumilia vishindo vya kasi kubwa.

Tufe, simu na redio

Ilipofika mwaka 1912, tufe za biliadi za Bakelite zilikuwa sokoni. Mbele yake, John Wesley Hyatt wa Marekani alijaribu seluloidi, yenye ilikuwa inashika moto kwa urahisi. Mpaka leo tufe za biliadi zinatengenezwa kwa gundi ya ukoo wa Bakelite, na kiwanda chenye sifa kubwa kwa kazi hiyo kiko Ubelgiji.

Je, Baekeland aliwaokoa tembo? Hapana, si kwa kiasi hicho. Mchezo mmoja uliacha pembe, lakini mapambo hayakuacha, na tembo waliendelea kuuawa mashariki ya Congo kwa miaka mingi baadaye. Kitu kipya kinaweza kupunguza sababu moja ya uharibifu. Tamaa ya watu ni kazi ingine.

Bakelite iliingia kila mahali: simu nyeusi za mezani, soketi za umeme, vifaa vya injini za magari, na masanduku ya redio. Katika miaka ya 1930, familia nyingi za Ulaya zilisikia habari kupitia redio ya Bakelite. Mwaka 1924 picha ya Baekeland ilikuwa kwenye jalada la gazeti la Time.

Kulikuwa na upande mbaya pia. Kwa vitu vya kuvumilia moto, viwanda vingi vilichanganya gundi hiyo na asbesto, madini yenye vumbi lake linaingia katika mapafu na kuleta kansa miaka mingi baadaye. Na kwa sababu Bakelite haiyeyuki tena, haiwezi kupikwa upya kama plastiki ya beseni. Kuichoma nyuma ya nyumba kunaleta moshi wa sumu.

Mwaka 1939 Baekeland aliuza kampuni yake kwa Union Carbide, kwa maana mtoto wake George hakutaka kuiendesha. Miaka yake ya mwisho alipenda kukaa peke yake Florida, akila chakula cha makopo na kusafiri kwa mashua. Alikufa tarehe 23 Februari 1944 katika mji wa Beacon, jimbo la New York, akiwa na miaka 80. Alizikwa katika makaburi ya Sleepy Hollow.

Kazi yake katika karakana za leo

Ukitaka kuona kazi ya Baekeland ikizunguka, nenda kwa mafundi wa kuunga vyuma. Disiki nyembamba ya kukatia chuma ni chembe kali za madini, zimeshikwa na gundi ya ukoo wa Bakelite, pamoja na wavu wa nyuzi za kioo. Ni ile ile akili ya unga ndani ya gundi, lakini hapa pigo haliishi, na kasi ni kubwa sana.

Soma maandishi yake. Disiki nyingi zimeandikwa mita 80 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya ukingo wake, sawa na kilomita 288 kwa saa. Disiki ya milimita 125 inaruhusiwa kuzunguka mara 12,200 kwa dakika. Ile kubwa ya milimita 230 inaruhusiwa 6,600 tu. Fundi akitoa kifuniko cha mashine ndogo ili aweke disiki kubwa, kwa mizunguko 12,000 ukingo unafika zaidi ya mita 140 kwa sekunde. Nguvu ya kuipasua disiki inapanda zaidi ya mara 3. Hakuna gundi yenye iliahidi kuvumilia hiyo, na vipande vyake vinafika usoni mbele ya mtu kufumba jicho.

Kuna mambo mengine manne ya kuangalia. Kwanza, kwenye pete ya chuma ya katikati kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 baada ya kutengenezwa, kwa sababu gundi inazeeka na unyevu unaidhoofisha. Karibu na ziwa, disiki ziwekwe mahali pakavu. Pili, disiki yenye imeanguka chini isitumike, hata kama ufa hauonekani. Tatu, disiki ya kukata haisugui kwa ubavu. Nne, kifuniko kibaki mahali pake, miwani ivaliwe, na disiki mpya izungushwe bure kwa dakika moja, hakuna mtu mbele yake.

Kwa madereva wa pikipiki na mafundi wao, plaketi za breki ni ndugu za disiki hiyo: unga ndani ya gundi. Vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo, kwa sababu plaketi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Baekeland alijua tangu mwanzo kwamba kitu chake kilikuwa na mpaka, na alitafuta unga wa kuusogeza mpaka ule mbele kidogo. Hakuuondoa. Umeandikwa kwenye kila disiki kwa tarakimu ndogo, na kuzisoma ni kazi ya sekunde chache.